Kizibao cha Rangi ya Ndimu

Kililetwa ndani ya mfuko wa plastiki,
kimekunjwa kama shati la siku ya kwanza shuleni,
na karatasi juu yake: vaa wiki sita, kisha utoe maoni.
Mimi Raewyn Tuhiwai, ofisa maegesho wa mji wa Dunedin,
miaka kumi na tisa nikihesabu dakika za watu wengine,
leo nimeombwa maoni.
Haya, yaandikwe.

Kwanza, ni kibaya.
Rangi ya ndimu iliyomeza taa.
Hata kabatini kinawaka, koti langu la sufu linakionea haya.

Pili, Selwyn anakipinga, na Selwyn si mjinga.
"Panya wamepata wa kumfunga paka kengele," anasema akikoroga chai,
"naye ni halmashauri yenyewe!
Tutaonekana toka kona ya tatu."
Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote,
maana enzi za sare ya bluu nzito
niliujua utamu wa kuchomoza ghafla nyuma ya gari,
kalamu tayari, muda umepita dakika moja,
moja tu.
Utamu huo sijivunii. Nausema kwa kuwa mmeniuliza.

Lakini Julai, saa kumi na moja jioni,
giza limeshateremka vilimani,
mvua ya barafu inapiga kwa ubavu,
na lori la bia linarudi nyuma kichochoroni
bila habari kwamba nyuma yake kuna mtu
ameinama anasoma namba ya gari.
Mtu huyo alikuwa Lachlan.
Goti lake sasa lina skrubu nne.
Dereva aliketi ukingoni mwa barabara akalia,
neno moja, akilirudia rudia:
sikumwona, sikumwona.
Na alikuwa anasema kweli.
Mlitushonea nguo za rangi ya lami
mkatutuma tukasimame juu ya lami.

Basi nimekivaa.

Ni kweli, walioniona kwa mbali walikimbia,
sarafu mkononi, viatu chapa chapa kwenye maji,
wakailisha mashine, nami nikapita bila kuandika.
Kama hiyo ni hasara, aulizwe mhasibu.
Nilidhani tulitumwa kulinda nafasi, si kuvuna faini.

Ni kweli pia, kijana mmoja kwenye pikapu
alipunguza mwendo, akashusha kioo,
apate kunitukana kwa utulivu.
Zamani walinitukana kwa kubahatisha.
Kizibao hakizuii tusi; kinalipa shabaha.
Hilo nalo mliandike, tena kwa wino.

Wiki ya nne, mteremko wa Rattray, utelezi.
Bibi Ngaire Pollock alianguka na mfuko wake wa viazi.
Watu walikuwepo, wengi, kofia zimefunika masikio.
Aliangaza huku na huku, kisha akanyoosha mkono kwangu:
"Wewe! Wewe wa njano!"
Alidhani mimi ni mtu wa gari la wagonjwa.
Sikumsahihisha.
Nilimketisha, nikapiga simu, nikamshikia mkono
wakati viazi viwili vikiendelea na safari yao kuelekea bandarini.
Miaka kumi na tisa,
na hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu mtaani kuniita
akitaka nije.

(Gari lake lilikuwa limeegeshwa kwenye kituo cha basi.
Kama niliandika tiketi au sikuandika,
swali hilo halimo kwenye fomu yenu.)

Fomu ina visanduku viwili, ndiyo na hapana.
Nimetia alama kwenye ndiyo, mkono ukiwa mzito,
na Selwyn ametia kwenye hapana, na bado tunakunywa chai pamoja.
Yeye hataki kuonekana. Mimi nataka kuonekana na malori tu,
na nguo ya namna hiyo haijashonwa.

Maombi mawili.
Wekeni mfuko wa ndani, kalamu zinaganda.
Na cha Lachlan kiwe kikubwa, kipite juu ya koti.
Anarudi Jumatatu, anachechemea kidogo,
na lori la bia bado linaleta bia.